Ndoa yetu ifungwe kwa utaratibu gani? Tunaishi Mwanza, tunataka kuoana Bagamoyo

Binti wa Lushoto (Mwanza)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo hii ni wiki ya tatu linaninyima usingizi.

Mimi na mchumba wangu tunaishi na kufanya kazi Mwanza. Kwetu ni Lushoto, na baba yangu ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT, yaani kanisa la Kilutheri. Mwenzangu ni Mkatoliki, kwao Bukoba. Posa ililetwa ikajibiwa, mahari imetolewa karibu yote, kwa hiyo kwa upande wa wazee hakuna tena kizuizi. Kilichobaki ni mahali na namna. Wa Bukoba wanasema Lushoto ni mbali na barabara ya mlimani inawatia hofu wazee wao. Wa kwetu wanasema hivyo hivyo kuhusu Bukoba. Mwenzangu aliwahi kufundisha sekondari Bagamoyo kwa miaka miwili, na huko ndiko nilikomtembelea mara ya kwanza tulipoanza kufahamiana, ndipo tukaona Bagamoyo pawe kiwanja cha wote, pasiwe na upande wa wenyeji na upande wa wageni. Tumekadiria watu sitini, jamaa wa karibu tu, Jumamosi mojawapo ya Desemba tutakapokuwa likizo. Tuna miezi sita mbele yetu.

Wenyewe tulitamani ndoa ifungwe pale pale ufukweni, jua likizama baharini nyuma yetu. Lakini kila mtu ana lake. Shemeji yangu mkubwa anashauri twende bomani, tumalize kwa nusu saa, kisha tukale na kufurahi. Baba anasema hawezi kurudi kukaa na wazee wenzake wa kanisa ilhali binti yake ameozwa na karani. Mama mkwe anataka misa. Shangazi yangu wa Korogwe, ambaye hapendi kuona mtu akinung'unika, anasema tufunge mara mbili: mchungaji wetu Lushoto, kisha padri Bagamoyo.

Wote hawa nawapenda na sitaki kumvunjia heshima hata mmoja. Naomba wenye uzoefu wanieleze tuchague utaratibu upi, na tuanzie mlango gani.

Karani Mstaafu (Chumbageni, Tanga)

Marahaba, binti yangu. Niliandikisha ndoa katika ofisi moja ya wilaya mkoani kwetu kwa miaka mingi hadi nilipostaafu, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kulipia ukumbi, kwa sababu wengi huuliza baadaye.

Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo siku hizi watu huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja. Ndoa ni kile kifungo chenyewe: wawili wanaooana, anayewafungisha, na mashahidi wasiopungua wawili ambao sheria inataka wawe wametimiza miaka 18 na wanaelewa kinachofanyika mbele yao. Harusi ni pilau, ngoma, vigelegele, nguo mpya na picha. Harusi inaweza kufanywa Bagamoyo, ikarudiwa Bukoba kwa mama mkwe na Lushoto kwa baba yako, wala hakuna atakayewauliza neno. Ndoa hufungwa mara moja. Nikisoma barua yako naona watu wanne wanaogombania ndoa, ilhali angalau wawili kati yao wangeridhika na harusi. Muulize kila mmoja, kwa upole, ni kipi hasa anachokitaka.

Sasa nije kwenye sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inaruhusu ndoa kufungwa kiserikali, ambayo ndiyo tunaiita ya bomani. Au kwa taratibu za dini ikiwa wote wawili ni wa dini hiyo. Au kwa taratibu za Kiislamu ikiwa mwanamume ni Mwislamu. Au kimila ikiwa wahusika ni wa jamii zinazofuata mila hizo. Ninyi wote ni Wakristo, hivyo mlango wa kanisa na mlango wa boma yote ni wazi kwenu. Padri au mchungaji mwenye leseni ya kufungisha ndoa anatambuliwa na serikali, na ndoa aliyoifungisha huandikishwa na kutolewa cheti, kwa hiyo msiogope kwamba mkifunga kanisani mtalazimika kwenda tena bomani. (Mtu akiwashawishi mvuke kwenda Zanzibar kwa sababu ya fukwe, jueni kwamba sheria hii haitumiki kule, mtakuwa mmeanza upya.)

Kabla ya ndoa yoyote kati ya hizo, sheria inataka notisi ya nia ya kuoana itolewe kwa msajili, au kwa kiongozi wa dini atakayewafungisha, siku zisizopungua 21 kabla ya siku yenyewe. Notisi hiyo hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msajili Mkuu, ambaye ofisi yake iko RITA (wakala wa serikali wa usajili), anaweza kutoa leseni maalumu ya kuondoa sharti la notisi, lakini hilo ni kwa mwenye sababu ya kueleweka, nanyi mna miezi sita.

Nalikazia hili kwa sababu ya Alhamisi moja ambayo sijaisahau. Waliingia ofisini kijana na binti, wametoka mbali, binti ameshapakwa hina mpaka kwenye viwiko na bado inanukia. Turubai lilikuwa limelipiwa, ng'ombe amenunuliwa, wageni wako njiani kwa ajili ya Jumamosi. Walidhani kufunga ndoa ni kama kukata tiketi. Niliwaeleza habari ya siku 21, na yule binti aliitazama mikono yake tu, hakusema lolote. Jumamosi ile watu walikula na kucheza, na ndoa ikafungwa karibu mwezi mmoja baadaye, mbele ya mashahidi wawili na mimi, hina imeshafifia. Si vibaya kwa sheria, ila yeye hakuitaka hivyo.

Jambo la mwisho, na hili wachumba wengi hawaliulizi. Sheria hiyo inatambua ndoa za namna mbili: ya mke mmoja, na ile ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ndoa ya Kiislamu na ya kimila huchukuliwa kuwa za namna hiyo ya pili mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyingine zote huchukuliwa kuwa za mke mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ya bomani inaweza kuandikishwa kwa namna yoyote kati ya hizo, na baadaye hata kubadilishwa kwa tamko la hiari la wote wawili. Lakini ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani kwa taratibu za Kikristo haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wanabaki katika imani yao. Baba yako anaposema hataki uozwe na karani, huenda hili ndilo lililo moyoni mwake na hajapata maneno ya kulieleza. Sisi makarani hatukukasirika.

Mama Mapambo (Bagamoyo)

Karibu Bagamoyo, mdogo wangu. Mambo ya sheria mzee ameyamaliza, mimi niseme ya ufukwe, kwa sababu ndiyo kazi yangu, kupamba harusi na kufunga maturubai hapa mjini.

Kwanza nikutoe katika jambo moja ambalo karibu kila anayekuja kutoka bara huwa nalo. Pwani yetu inatazama mashariki. Jua hapa linachomoza baharini na kuzama nyuma ya mji, upande wa minazi na barabara ya Dar es Salaam. Ile picha ya jua likizama majini nyuma ya bwana na bibi harusi hapa haipo. Iliyopo ni ya alfajiri, nayo ni nzuri kupita maelezo, ila huwezi kuwaamsha wazee sitini saa kumi na moja usiku. Jioni unapata kitu kingine: jua likiwa chini upande wa mji linayapiga maji kwa ubavu, bahari inakuwa na rangi ya shaba, nyuso za watu zinang'aa bila kukunja macho, mradi viti viwe vimeelekezwa baharini.

La pili ni maji. Hapa maji yakipwa yanakwenda mbali, yanabaki matope, mikoko na mashua zilizolala ubavu, na harufu yake si ya harusi. Yakijaa yanakuja mpaka juu. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri na hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa karibu saa nzima. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: asubuhi ndipo yanapojaa, ingawa hayapandi sana. Kwa hiyo tarehe ya harusi ya ufukweni huchaguliwa kwa kutazama mwezi kabla ya kalenda ya likizo.

Nilijifunza kwa gharama. Miaka ya mwanzo nilipamba harusi ya watu waliotoka Arusha. Nilifika saa tano, mchanga umekauka na kushikamana kama sakafu, nikapanga viti mistari sita, nikaweka upinde wa maua karibu na maji ili picha zitoke vizuri. Sikuuliza mwezi. Ibada ya kubariki pete ilianza saa tisa na nusu. Saa kumi kasorobo maji yaligusa miguu ya viti vya mbele, watu wakadhani ni wimbi moja lililopotea njia. Mchungaji alikuwa katikati ya sala. Shela la bibi harusi lililoa mpaka magotini likawa zito kama wavu, na vijana wawili walimbeba bibi yake mzaa mama pamoja na kiti chake cha plastiki kumpeleka juu penye nyasi, naye amekumbatia mkoba wake kifuani. Tangu siku ile nikifika ufukweni natafuta kwanza mstari wa mwani mkavu. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho yalipojaa. Turubai na viti vinakaa juu ya mstari huo, hata kama mteja atanung'unika kwamba ni mbali na maji, na kama bamvua bado halijafika napanda juu zaidi.

Desemba mwanzoni mvua za vuli zinaweza kuwa bado hazijakata. Januari ni kaskazi, kumekauka, lakini upepo unatoka baharini na unavuma. Mapambo yawe mazito na machache. Vitambaa virefu vinavyopepea kwenye picha za watu, hapa vitakwenda kufunika sufuria za biriani.

Na tafadhali, ukichagua eneo, usichukue karibu na mnada wa samaki penye lile jengo la forodha la Wajerumani. Pale ni mahali pa watu kutafuta riziki, hatuwezi kuwafukuza wavuvi na mama zetu wakaanga samaki kwa sababu ya picha.

Msafiri wa Pangani

Sisi tulifunga bomani na hatujutii. Mke wangu alifiwa na wazazi wote, mimi ndugu zangu wametawanyika, fedha zilikuwa kidogo. Tulitoa notisi, tukangoja siku zetu, tukaenda na mashahidi wawili, kisha tukala samaki wa kupaka kwa dada yangu, watu kumi na mmoja. Cheti ni kile kile na heshima ni ile ile. Naandika hili kwa sababu nisingependa mtu asome hapa akadhani ndoa ya bomani ni ya walioshindwa.

Binti wa Lushoto (Mwanza)

Nawashukuru sana. Mzee wangu wa Chumbageni, nimempigia baba simu jana usiku nikamsomea ile sehemu ya mwisho ya maneno yako. Alinyamaza, kisha akasema, "Huyo mzee anajua." Dada wa mapambo, mchumba wangu ameishi huko miaka miwili na hakuwahi kuniambia habari ya jua; ameniomba radhi.

Shemeji sasa anasema yeye shida yake ilikuwa gharama tu. Mama mkwe amebaki na misa yake, na ameongeza kwamba mtoto wake akifunga bomani hatapokea komunyo. Je, hilo ni kweli? Na je, misa hiyo haiwezi kusomwa ufukweni?

Mwalimu wa Ndoa (Bagamoyo)

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafundisha wachumba kabla ya ndoa, hivyo maswali yako mawili ndiyo ninayoulizwa karibu kila mwaka na wanaotoka nje ya Bagamoyo.

Mama mkwe wako yuko sahihi. Kwa Mkatoliki, ndoa ya bomani peke yake haihesabiwi na Kanisa kuwa ndoa halali mpaka ifungwe kwa taratibu zake, au mpaka ifanyiwe kile ambacho watu hukiita kubariki ndoa, na kwa muda huo wote hapokei Ekaristi. Wengi wamepitia huko, na mlango wa kurudi uko wazi. Ndugu wa Pangani simlaumu hata kidogo. Lakini ninyi hamjaingia, na sababu ya kuingia siioni.

Kuhusu ufukweni, sheria za Kanisa zinataka ndoa ya Wakatoliki wawili, au ya Mkatoliki na Mkristo mwingine aliyebatizwa, ifungiwe katika kanisa la parokia. Askofu anaweza kuruhusu mahali pengine panapofaa, lakini hiyo ni ruhusa inayoombwa kwa sababu nzito, na uzuri wa bahari sijawahi kuona ukikubaliwa kuwa sababu. Niseme ninavyoamini mwenyewe: nadhiri hutolewa mahali ambapo mtaweza kurudi. Ufukwe wa leo mwaka kesho unaweza kuwa na ukuta wa hoteli. Kanisani mtaingia na watoto wenu mkawaonyesha, tulisimama hapa.

Na kanisa hilo si mahali pa kuazimwa tu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni hii mwaka 1868, na msalaba mkubwa uliopo ufukweni ni kumbukumbu ya kufika kwao. Kanisa la kwanza lilijengwa mwaka 1872, nalo ndilo lenye mnara ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa tarehe 24 Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Kanisa la sasa la parokia lilianza kujengwa 1910 likakamilika 1914. Wageni huja kwa ajili ya Livingstone. Mimi wachumba huwapeleka kwanza kwenye habari ya kijiji cha waliokombolewa utumwani. Vijana waliochukuliwa bara wakiwa wadogo, wasiojua tena kwao ni wapi, walikua hapa, wakafungishwa ndoa hapa na kupewa viwanja wajenge. Hakukuwa na shangazi wa kuwafunda wala mjomba wa kupokea mahari. Wewe binti unalalamika kwamba ndugu zako ni wengi na kila mmoja ana neno. Nenda ukasimame pale kidogo, kisha uwapigie simu wote.

Turudi kwenye taratibu. Yenu ni ndoa ya mseto, kwa sababu mmoja ni Mkatoliki na mwingine ni Mkristo wa kanisa jingine. Inahitaji kibali cha askofu, na mwenzako ataahidi kufanya awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Wewe utaarifiwa juu ya ahadi hiyo, hutalazimishwa kuitoa. Mzungumze hili wenyewe kwanza, tena kwa muda mrefu, kabla ya kuzungumza mbele ya paroko. Nimeona wachumba wakilisikia kwa mara ya kwanza ofisini, mmoja akageuka kumtazama mwenzake kama mtu asiyemjua.

Mlango wa kuanzia ni paroko wenu wa Mwanza, si wa Bagamoyo. Ndoa hufungwa katika parokia anakoishi mmojawapo, na kuifungia kwingine kunahitaji ruhusa ya paroko huyo. Yeye ndiye atakayewahoji, atakayesimamia mafundisho na matangazo, kisha kumwandikia paroko wa huku. Mwenzako aombe Bukoba cheti cha ubatizo kilichotolewa upya, kisichozidi miezi sita, maana parokia huangalia humo kama kuna ndoa iliyokwisha kuandikwa. Wewe utahitaji cheti chako cha ubatizo na barua ya mchungaji wako.

Ushauri wa shangazi wa Korogwe, pamoja na nia yake njema, haufai. Sheria ya Kanisa inakataza kufanya ibada nyingine ya dini, kabla au baada, ili kutoa ridhaa ileile ya ndoa kwa mara ya pili. Mkiona ni lazima afungishe mchungaji wenu, ipo njia: askofu anaweza kumwondolea mwenzako sharti la taratibu za Kikatoliki, ndoa ikafungwa Lushoto katika KKKT na ikatambuliwa. Lakini iwe huko au huku. Mkifunga huku, mchungaji anaweza kualikwa akasali na kuwatakia heri, bila kupokea nadhiri.

Desemba karibu yote mpaka Noeli ni Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Noeli, na parokia nyingi hazifungishi ndoa katika Majilio na Kwaresima bila sababu ya pekee. Fikirieni Januari.

Bi Mkubwa wa Ngamiani (Tanga)

Assalaam alaykum. Dini zetu ni tofauti, lakini nilivyosoma nimeona mwanangu unahitaji kusikia na habari ya kwetu, maana hata sisi vijana wametaka bahari.

Binti wa ndugu yangu aliposwa na kijana anayefanya kazi Muscat. Wakataka nikaha ifungwe Pangani, ufukweni, kwa sababu huko ndiko kwa babu yao. Wazee wakashtuka. Sheikh akasema nikaha haina sharti la kuwa msikitini wala la bibi harusi kuwapo pale; yenye kutakiwa ni walii, yaani mwenye kumwoza binti, mashahidi wawili, mahari, na ijabu na kabuli, yaani tamko la kuoza na la kukubali, zinazosikika. Walii alikuwa baba yake, naye alikuwa mgonjwa, hawezi safari ya gari. Akamfanya sheikh kuwa wakala wake, mbele ya mashahidi, akiwa amelala kitandani hapa Ngamiani. Siku ya nikaha sheikh alipomshika mkono bwana harusi akaanza kutamka, upepo ulichukua maneno. Mashahidi walikuwa hatua tatu tu kutoka pale, na mmoja akasema hakusikia. Sheikh akasimamisha. Akaagiza jenereta lizimwe, akawavuta mashahidi mpaka magoti yao yakagusana na yake, akaanza upya, na kijana akajibu "nimekubali" kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanawake waliokuwa nyuma ya pazia. Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa.

Nasema haya kwa ajili ya bibi na babu zako. Popote mtakapofunga, hakikisha wanaosikia kwa shida wamekaa mbele, na hakikisha yule mgonjwa aliyebaki nyumbani ametafutiwa sehemu yake, hata kama ni kwa neno moja. Ndugu yangu alifariki mwaka uliofuata. Mpaka leo binti yake husema baba ndiye aliyemwoza, na ni kweli.

Binti wa Lushoto (Mwanza)

Ndugu zangu, tumekaa na tumeamua, na nimeona ni haki niwaeleze ninyi mliotupa muda wenu.

Tutafunga katika parokia ya Bagamoyo, misa ya saa nne asubuhi, Jumamosi ya Januari. Jana tumekwenda kwa paroko wetu hapa Mwanza, ametupa orodha ya vyeti na ratiba ya mafundisho, na mwenzangu ameshaandika barua Bukoba. Lile la watoto tulilizungumza siku tatu mfululizo, na siku ya pili haikuwa nyepesi. Nimekubali kwa moyo wangu, naye ameahidi kwamba watoto watakuja Lushoto kila likizo na wataingia kanisani na babu yao. Baba ameomba jambo moja tu, asome yeye somo la kwanza, na paroko amesema ataliombea ruhusa. Mchungaji wetu amekubali kuja kutuombea. Bibi yangu mzaa baba hawezi kusafiri, hivyo wiki moja kabla tutapanda Lushoto tupige magoti kitandani kwake atuwekee mikono, na shangazi wa Korogwe ndiye atakayeandaa chakula siku hiyo. Alilia niliposema hivyo, nadhani kwa furaha.

Alasiri itakuwa harusi ufukweni, juu ya mstari wa mwani. Dada wa mapambo, Jumamosi za Januari tulizonazo ni mbili, ya pili na ya nne. Ukitazama mwezi, tuchukue ipi?

Mama Mapambo (Bagamoyo)

Nipe mpaka kesho, mdogo wangu. Nitatazama jedwali la maji, kisha niende mwenyewe ufukweni nikamuulize mzee mmoja mvuvi ambaye huwa simpangii mtu tarehe bila kumsikia. Nitakachokutafutia ni Jumamosi ambayo saa kumi na nusu alasiri maji yamejaa na yameanza kutulia. Na umwambie baba yako alete koti. Kaskazi ikivuma jioni, watu wa milimani hudhani pwani haina baridi.